MNARA UKIZIMIKA, UJUMBE UTAPITA WAPI?



Wengi wetu hatujasahau Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa. Simu zilikatika. Mama yuko upande huu, watoto wamekimbilia porini na mjomba, na hakuna wa kumwambia mwenzake "tupo hai". Hata kimbunga Kenneth kilipopiga pwani yetu Aprili 25, 2019, mawasiliano yalikatika vilevile. Tukitegemea mnara mmoja tu, ukizimika sote tunakuwa mabubu.

Ndiyo maana mimi na vijana wa darasa la jioni tumejaribu kutengeneza kituo kidogo cha redio kinachotumia jua. Siyo redio ya kusikiliza muziki, la. Kinapokea ujumbe mfupi wa maandishi na kuurushia kituo kingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mmoja akikosekana, ndoo inapitia kwa mwingine. Hakuna vocha wala intaneti. Simu yako inaungana nacho kwa blututhi, kwa programu ya bure iitwayo Meshtastic, iliyoanza mwaka 2020.

Wazo lenyewe si geni. Kuanzia 2007 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO uliunganisha kambi za wakimbizi wa ndani, kama Pabbo, kwa redio na umeme wa jua. Vyao vilikuwa vyombo vikubwa, vya kompyuta na intaneti. Chetu kinaingia kwenye boksi dogo.

Vinavyotakiwa: kibao cha redio na antena yake, betri ya lithiamu, paneli ndogo ya jua, kidhibiti chaji, boksi la plastiki lisiloingiza maji, na mlingoti mrefu.

1. Funga antena kwanza, ndipo uwashe. Redio ikirusha bila antena inaweza kuungua.

2. Elekeza paneli kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana liko upande huo. Iinamishe kidogo ili mvua ioshe vumbi.

3. Boksi likae nyuma ya paneli, kivulini, maana betri haipendi joto. Betri iliyovimba usiitumie kabisa.

4. Tundu la waya litoboe chini ya boksi. Hapa nilikosea mwenyewe: nilitoboa juu, mvua ya kwanza ikaingia, kibao kikafa. Na chumvi ya bahari hula chuma, basi paka grisi kwenye skrubu.

Piga hesabu ya betri pia. Kituo kikila miliampea 15, kwa saa 24 ni 360. Betri nzima iliyoandikwa 3000 mAh itadumu kama siku 8 bila jua. Mawingu ya msimu wa mvua tunayajua, kwa hiyo usinunue betri ndogo.

Sasa jambo kubwa. Usipandishe antena kimyakimya! Mkoa wetu umeona vita tangu Oktoba 2017. Askari akikuta waya na boksi juu ya mlingoti, atafikiri mengine. Sisi tulianza kwa viongozi wa kambi, tukaeleza na kuonyesha. Ulizeni pia masafa yanayoruhusiwa nchini kabla ya kununua, kwani vibao huuzwa vya masafa mbalimbali.

Nisiwadanganye, kituo hiki hakibebi sauti wala picha, na anayepokea lazima naye awe na kifaa chake. Minazi na nyumba hupunguza umbali, ndiyo maana antena iwe juu. Na kwa ndugu waliopotezana mbali, nendeni kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kutafuta jamaa. Lakini hapa kwetu, kutoka mtaa hadi kisimani, kutoka kisimani hadi zahanati, maneno machache tu kama "mtoto kaonekana, yupo salama" yanaweza kumlaza mama usingizi.

Tuna kituo kimoja, na kimoja hakina wa kupokezana naye. Akina mama, mafundi redio, vijana: Jumamosi jioni njooni darasani na simu zenu, tujenge cha pili. Mkono mmoja haulei mwana.

Mwalimu wenu wa kujitolea