Gari la Fahari Likilala Chini

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia jiko linalotoa moshi, bomba linalovuja na mlango uliooza kwa mchwa. Leo tutazungumzia gari, tena gari la kifahari. Usigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba habari hii ni ya wakubwa. Gari tunalolisema limekwisha kuwa kuukuu, na bei yake imeshuka hata ikawa chini ya bei ya gari dogo la juzijuzi. Ndiyo sababu magari ya namna hii yanaonekana sasa katika nyua za watu wa kawaida, kule Lilongwe nchini Malawi kama hapa kwetu Mbeya au Dar es Salaam. Kulinunua si kazi. Kazi ni kulala nalo na kuamka nalo.

La kwangu nililinunua mjini Lilongwe, ambako mimi na mke wangu tunafanya biashara, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake. Ni Range Rover ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kutoka mwaka 1994. Ina injini ya petroli yenye silinda 8 na viti vya ngozi. Na mahali ambapo magari mengine yana springi za chuma, hili lina springi nne za mpira zilizojaa hewa. Mke wangu huchukua usipa na chambo kutoka Salima, ziwani, kiasi cha kilomita 100, na kuwauza mjini. Siku ya kwanza alilizunguka gari, akacheka, kisha akatandika turubai juu ya viti vya ngozi. Tangu hapo gari la mabwana likawa gari la samaki.

Asubuhi moja ya Novemba, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, alinigongea dirisha. "Baba watoto, njoo uone. Gari limepiga magoti."

Kweli lilikuwa limelala. Matairi yote manne yalikuwa yamemezwa na bodi, na tumbo lilikuwa karibu kugusa ardhi. Samaki walikuwa wanangoja Salima, na fedha za watu zilikwisha kutolewa. Gereji moja ya mjini ilinitajia bei iliyokaribia nusu ya fedha nilizonunulia gari lenyewe. Sikuwalaumu sana, vipuri vya magari haya huagizwa nje, na kwacha ilipunguzwa thamani kwa asilimia 44 mwezi wa Novemba mwaka 2023, baada ya kupunguzwa asilimia 25 mwaka mmoja na nusu kabla yake. Lakini fedha hizo sikuwa nazo.

Nilikuwa na fundi wangu, mzee wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja mmoja nyuma ya soko. Huyu angelimaliza jambo hilo kwa siku moja. Ila mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini warudi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, na tangu hapo mzee hawezi kutoka bila kibali. Dzaleka iko mwendo wa kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe. Wakati wa Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakawa makao ya wakimbizi, mahali palipokusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na ukipita katika vichochoro vyake utadhani uko Uvira au Kigoma, maana lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Sijui nchi inapata nini kwa kumweka fundi wa namna ile mbali na magari. Lakini hilo si la ukurasa huu.

Basi simu ikawa gereji. Nilimweleza mzee hali ilivyo, naye hakuuliza habari ya kompyuta wala ya injini.

"Mdogo wangu," alisema, "kabla ya yote niahidi jambo moja. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na hewa. Hewa haina urafiki."

Nami nawapa wasomaji ahadi ile ile waitoe. Gari hili lina uzito wa tani mbili na zaidi, na springi ya hewa inaweza kuishiwa wakati wowote bila kutoa sauti. Jeki peke yake haitoshi. Chesesi iwekwe juu ya stendi za chuma, matairi yazibwe kwa magogo, ndipo mtu aingie.

Jambo la pili lilinishangaza. Nilidhani kwamba kwa kuwa gari limelala sawasawa pande zote, springi zote nne zimekufa. Sivyo hata kidogo. Gari hili lina kifaa kidogo cha saa, kilichofichwa chini ya kiti cha mbele cha kushoto. Hata ukilizima na kulifunga, kila baada ya saa sita kifaa hicho huamsha kompyuta, nayo huangalia kona iliyo chini kuliko zote na kuzishusha nyingine zilingane nayo. Kona moja ikivuja, nyingine tatu huinama pamoja nayo, na mwenye gari hununua springi nne badala ya moja. Dawa yake ni kukichomoa kifaa hicho, kulipandisha gari kama kawaida, kisha kupima kwa rula kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kona kwa kona, na kuandika. Asubuhi upime tena.

Nilitumia rula ya shule ya mwanangu. Asubuhi kona tatu zilikuwa hazijabadilika. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 9.

Baada ya hapo ni kazi ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Paka kwenye mpira wa springi, hasa pale unapojikunja, maana hapo ndipo unapopasuka kwanza. Paka kwenye viungo vya mirija. Kisha fungua boneti upake ndani ya sanduku la plastiki lenye kompresa na vali. Penye povu linalokua ndipo penye tundu. Kwangu mimi povu lilichipuka mahali pawili: katika mkunjo wa mpira wa nyuma kushoto, na katika kiungo kimoja cha mrija. Hakuna wa kulaumiwa. Mpira ukikaa zaidi ya miaka 20 katika jua na vumbi huwa kama soli ya kiatu cha zamani.

Kiungo kilikuwa rahisi. Hewa ikiisha kutolewa, unasukuma ile pete ndogo ya plastiki, mrija unatoka, unakata ncha yake kwa wembe iwe mraba kabisa, unabadilisha vile vipete viwili vya mpira vilivyomo ndani, unaurudisha. Vipete hivyo bei yake ni ndogo sana, lakini kompresa nyingi zimekufa kwa ajili yao: hewa inapovuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto hata ikajizima, na pistoni yake huisha upesi. Mtu hununua kompresa mpya, nayo inakufa vile vile, kwa sababu tundu liko pale pale.

Springi ya mpira ilikuwa ni habari nyingine. Niliagiza mbili kutoka Afrika Kusini, kwa kuwa ile ya upande wa pili ilikuwa ya umri ule ule, zikaja kwa basi. Kuzifunga peke yangu sikuthubutu. Ilibidi gari liende kwa mzee, wala si mzee aje kwa gari. Lakini gari lisiloweza kusimama litafikaje Dowa?

Hapo mzee alinifundisha hila ambayo wenye magari haya duniani kote wanaijua. Unaukata mrija wa kila springi, unaunganisha kiungo chenye matawi, na katika tawi moja unafunga vali ya tairi. Sasa kila springi inaweza kujazwa kama gurudumu la baiskeli, pasipo kompyuta wala kompresa. Vijana wa kabaza, wale wabebao abiria kwa baiskeli, walikuja na pampu yao na kucheka mpaka wakakaa chini. Walipokezana. Springi ile iliyopasuka ilipanda pole pole, gari likainua kiuno, na mmoja wao akaniambia, "Achimwene, leo nimejaza upepo gari la bosi." Nikawalipa, nikachukua pampu ya akiba, nikaenda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Nilisimama njiani mara mbili kuongeza.

Mzee alikuwa amengoja barabarani tangu asubuhi, nguo zake za kazi zimefuliwa na kupigwa pasi. Tulifanya kazi mbele ya nyumba yake ya matofali ya udongo, na mimi ndimi niliyeshika spana. Yeye alikaa juu ya kigoda akielekeza kwa kijiti. Kosa moja alilonizuia nisilifanye nataka mlijue. Nilipomaliza kufunga springi mpya nilitaka kuteremsha jeki. "Jaza kwanza," alisema. Springi ya mpira isiyo na hewa ikikaliwa na uzito wa gari hujikunja vibaya na kuchanika siku ya kwanza. Ni lazima iingizwe hewa gari likiwa bado juu ya stendi, uuone mpira umekaa sawa pasipo kujipinda, ndipo uzito uteremshwe.

Kompyuta ya gari ilikuwa imekwisha kukata tamaa na kuandika kosa katika kioo cha dereva. Watu wengi hapa hulipa fedha nyingi kufutiwa maandishi hayo. Kijana wa jirani alileta kompyuta yake ndogo na waya wa kuunganisha, pamoja na programu ambayo wapenzi wa magari haya huigawa bure, akaifuta kwa dakika chache.

Mzee hakuniacha niondoke kabla ya kufungua rejeta, iliyokuwa imekwisha kupoa. Ndani alikuta maji matupu yenye kutu. Aligomba kweli kweli. Injini hii ni ya alumini, na maji ya bomba peke yake huila. Itiwe nusu maji safi na nusu dawa ya rejeta. Kutoka ziwani hadi Lilongwe gari hupanda karibu mita 600, limejaa samaki, na mlimani ndiko gasketi zinakoungulia. Mshale wa joto ukiondoka katikati, simama papo hapo, zima, ngoja. Usimwagie injini maji baridi, wala usifungue kifuniko kwa haraka. Wako waliobabuka uso kwa haraka hiyo. Na kwa kuwa petroli nchini Malawi mara nyingi imekuwa ya kupigia foleni, na gari hili hunywa lita 15 na zaidi kwa kila kilomita 100, usitarajie faida kama linakwenda Salima nusu tupu.

Nilimlipa mzee ujira wake. Alihesabu, akatenga nusu na kumpa mkewe palepale, akaniuliza kama naweza kumletea spana namba 13, maana yake ilibaki mjini siku ile walipoondolewa.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka na tochi na rula. Mke wangu alikuwa tayari ameegemea mlango, vikapu miguuni. Simu ikalia kabla sijamaliza kona ya tatu.

"Nyuma kushoto," mzee aliuliza hata bila salamu, "imeshuka sentimita ngapi?"

"Haijashuka, Mzee."

"Pima tena."