Fahamu: Kwa nini maktaba ya C haihami na Java

Tangu Machi 2025, Java 24 hutoa onyo programu inapopakia maktaba ya lugha ya C bila idhini ya --enable-native-access. Sababu ni kwamba kosa ndani ya maktaba hiyo laweza kuiangusha programu nzima. Tena, maktaba hiyo haihami na programu kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Kwa nini haihami?
Msimbo wa Java huendeshwa popote penye mashine pepe yake. Maktaba ya C hujengwa kwa mfumo endeshi na prosesa mahususi.

Tofauti ziko wapi?
Ukiita System.loadLibrary("hesabu"), Linux hutafuta libhesabu.so, macOS libhesabu.dylib. Ili kuijenga, kompaila ya gcc kwenye Linux hupewa -shared na -fPIC. Clang kwenye macOS hupewa -dynamiclib.

Jina sahihi pekee halitoshi. Maktaba iliyojengwa kwa glibc, maktaba sanifu ya C kwenye Linux nyingi, huenda ikagoma kwenye Alpine, aina ya Linux inayotumia musl badala yake. Na tangu Apple ilipoleta prosesa ya M1 mwaka 2020, maktaba ya x86-64 haipakiki ndani ya Java ya ARM: hutokea UnsatisfiedLinkError.

Watengenezaji hufanyaje?
Hujenga nakala kwa kila jukwaa, wakazifungasha katika faili moja la JAR. Programu ikiwaka, huchagua inayoifaa.