UFIZI WA MTOTO NA NJAA YA NYUMBA



Ufizi ni ile nyama yenye kushika meno. Katika nyumba ambamo chakula ni kidogo, ufizi wa mtoto unaweza kuonyesha hatari mbele ya sehemu nyingine za mwili.

Ugonjwa unaanza namna gani?

Mtoto anakula bugali tupu siku nyingi, bila maharagi, bila ndagala. Mwili unakosa nguvu. Kisha surua ao malaria inamshika. Basi vidudu vinavyokaa mdomoni vinapata nafasi. Ufizi unavimba na kutoka damu, kidonda kinatokea, mdomo unanuka sana. Usipotunzwa, shavu linavimba, na kwa siku chache tu nyama inakufa na kutoboka. Ugonjwa huo unaitwa noma. Unashika zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 6. Bila dawa, karibu watoto 9 kwa 10 wanakufa.

Ni uchawi?

Hapana. Tena hauambukizi. Zamani noma ilikuwa Ulaya pia. Watu wa kule walipopata chakula cha kutosha na usafi, ikapotea. Wakati wa vita ya 1939-1945 ilirudi ndani ya kambi za wafungwa kama Auschwitz, kwa sababu ya njaa. Tangu Desemba 2023, OMS inaihesabu kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Tufanye nini?

1. Tazama mdomo wa mtoto kila siku, zaidi akitoka kuugua surua ao akikonda.
2. Kama hakuna feza ya mswaki, safisha meno na kitambaa safi ao kijiti kilichotafunwa ncha.
3. Pamoja na bugali, mpe maharagi, karanga, sombe ao ndagala, hata kidogo.
4. Apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9.
5. Ukiona kidonda ao harufu mbaya, osha mdomo na maji ya vuguvugu yenye chumvi, na umlete kwa mganga siku ileile. Dawa ya kuua vidudu ikianza mapema, ufizi unapona. Shavu likiisha kutoboka, dawa haiwezi kulirudisha. Kunabaki upasuaji tu.

Mama, kukosa feza si kosa lako. Usione haya, usimfiche mtoto nyumbani. Umlete wakati ugonjwa ungali kwenye ufizi.