Binamu Kuoana: Hatari Iko Wapi Hasa?

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaja binamu miongoni mwa watu ambao mtu haruhusiwi kufunga nao ndoa, kisha inawaondoa Waislamu katika katazo hilo. Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga ukaingia Tanga, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakataza mzazi, ndugu, shangazi, mjomba na mpwa, lakini binamu hamo. Mila nazo zina sheria zake. Lamu, Mombasa na Unguja, kijana kumposa binti wa ami yake ni jambo la heshima: familia zinajuana na mali haitoki nje. Bara, koo nyingi zikisikia posa ya namna hiyo zitaitisha kikao cha wazee siku hiyohiyo. Kwa Wayao, mtoto wa mjomba anaolewa vizuri tu, ila mtoto wa mama mdogo ni dada na habari yake inaishia hapo.

Wanaopinga hutoa sababu nyingi, lakini ipo moja isiyokosekana: damu ikiwa moja, watoto hawatoki salama. Jambo hilo linapimika, na limepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Magonjwa mengi ya kurithi yanahitaji nakala zote mbili ziwe na hitilafu. Mwenye hitilafu kwenye nakala moja tu ni mbebaji: mzima wa afya, na anaweza kuzeeka bila kujua. Karibu kila mtu ni mbebaji wa hitilafu fulani, nawe msomaji umo. Binamu wa kwanza wana babu na bibi wamoja, kwa hiyo hitilafu uliyonayo ina nafasi 1 kati ya 8 ya kuwa imemfikia na binamu yako kupitia wazee haohao. Wabebaji wawili wa hitilafu moja wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua. Nasisitiza: kila mimba. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila mimba inaanza hesabu upya. Na kwa magonjwa haya, mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo wote wako sawa, hata kama mila zinawatenga mbali.

Ndoa za binamu zenyewe ndizo zilizosaidia kufichua siri hii. Mwaka 1902 daktari wa London, Archibald Garrod, aliandika kuhusu alkaptonuria, ugonjwa adimu ambao mkojo wa mgonjwa ukipigwa na hewa hugeuka mweusi. Nepi za mtoto huingia madoa meusi. Garrod aliona kwamba wazazi wa wagonjwa walikuwa wazima, ila wengi mno kati yao walikuwa binamu wa kwanza. Mwanabiolojia William Bateson akautambua mpangilio huo: ni urithi uleule ambao Gregor Mendel aliuona kwenye njegere. Ukawa ugonjwa wa kwanza wa binadamu kuelezwa kwa kanuni za Mendel.

Kabla yao, Charles Darwin alikuwa ameshasumbuliwa na swali hili nyumbani kwake. Alimuoa binamu yake wa kwanza, Emma Wedgwood, mwaka 1839, wakazaa watoto kumi na kuzika watatu wakiwa wadogo. Aliomba swali kuhusu ndoa za binamu liingizwe katika sensa ya Uingereza ya 1871, Bunge likakataa. Mwanawe George akafanya hesabu yake mwenyewe mwaka 1875, na akahitimisha kwamba madhara yalikuwa madogo kuliko watu walivyohofia.

Takwimu bora zaidi za siku hizi zimetoka Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji wenye familia nyingi zenye asili ya Pakistan. Watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 11,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Kati ya watoto wenye asili ya Pakistan, 37% wazazi wao walikuwa binamu wa kwanza. Kuoana binamu kulipandisha hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro kutoka takriban 3% hadi 6%, na umaskini haukutosha kueleza tofauti hiyo. Hatari imeongezeka mara mbili, na anayesema hakuna tatizo anadanganya. Lakini maana yake pia ni kwamba watoto 94 kati ya 100 wa binamu hao walizaliwa bila kasoro, kwa hiyo anayewaambia vijana kwamba lazima watazaa walemavu naye anadanganya. Utafiti huohuo ulionyesha hatari kuongezeka kwa kiwango kinachokaribiana miongoni mwa akina mama Waingereza weupe waliojifungua wakiwa na umri mkubwa, na sijasikia kikao cha wazee kilichoitishwa kwa ajili hiyo.

Mambo hubadilika pale ndoa hizi zinapofuatana kizazi baada ya kizazi. Mfalme Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700 bila mrithi, alizaliwa na mjomba na mpwa wake, baada ya karne mbili za ukoo wa Habsburg kuozana wenyewe kwa wenyewe. Wanasayansi waliopiga hesabu ya nasaba yake mwaka 2009 walikuta nakala zake za jeni zimefanana kwa kiwango kinachozidi kidogo kile cha mtoto wa kaka na dada. Kwa hiyo anayetaka kumuoa binamu yake asiishie kuuliza kuhusu wazazi. Aulize pia babu na bibi waliunganaje.

Ila kwetu Afrika Mashariki liko jambo zito kuliko undugu, nalo ni sikoseli, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa njia hiyohiyo ya nakala mbili. Chukua mtu mbebaji, yaani AS, anayeishi mahali ambapo wabebaji ni 15 katika kila watu 100. Akioa mtu baki, nafasi ya mwenzake kuwa AS ni hiyohiyo 15%. Akioa binamu wa kwanza, inafika karibu 25%. Imepanda, ndiyo, lakini na yule mtu baki hakuwa salama. Linganisha na ugonjwa adimu ambao mbebaji wake ni mmoja tu kati ya 200: kwa mtu baki nafasi ni 0.5%, kwa binamu ni karibu 13%, zaidi ya mara 25. Mila ya kukataza binamu inakinga vizuri dhidi ya ugonjwa adimu. Dhidi ya ugonjwa ulioenea, kinga yake ni ndogo.

Ndiyo maana Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambako jamii nyingi haziozeshi watu wa ukoo mmoja, sikoseli haikupungua. Huko karibu mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, kwa sababu malaria imekuwapo vizazi na vizazi, na AS humkinga mtoto asipatwe na malaria kali. Tanzania nzima inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na wengi wao wazazi hawana undugu wowote.

Inaniuma kuona wachumba wanaulizwa koo zao hadi babu wa tatu, wanapimwa virusi vya UKIMWI, kisha wanaingia kwenye ndoa bila mtu kuwauliza kuhusu himoglobini, protini ya damu ambayo hitilafu yake ndiyo huleta sikoseli. Saudi Arabia, ambako ndoa za binamu ni nyingi, ilifanya kipimo cha sikoseli na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kuwa lazima kabla ya ndoa mwaka 2004. Wachumba wakipata majibu, uamuzi unabaki wao.

Kipimo cha sikoseli si kile cha kundi la damu. Wengi hubeba kadi iliyoandikwa O+ au B+ wakidhani imewatoa wasiwasi, lakini kadi hiyo haisemi lolote kuhusu sikoseli. Omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ambacho majibu yake huja AA (hana hitilafu), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Mmoja akiwa AA na mwenzake AS, hawatazaa mtoto wa SS, wawe binamu au wasiwe. Na kama katika familia kuna watoto waliozaliwa viziwi, au waliofariki wachanga mmoja baada ya mwingine, mwambieni daktari kabla ya mahari kupelekwa, maana kipimo cha sikoseli hakigusi magonjwa hayo.

Wapo AS wawili ambao watapata majibu na bado wataoana, na ni haki yao. Hao wampime mtoto mapema baada ya kuzaliwa. Akiwa SS, penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, kinga ya malaria, chanjo, na dawa ya haidroksiyurea vinaweza kumvusha katika miaka ile ambayo watoto wengi wa sikoseli hufariki kabla hata ugonjwa wao haujajulikana.