Maji Machafu na Njia ya Kuyasafisha

Mkulima wa Bashay, maji uliyoogea, uliyofulia na kuoshea vyombo huenda wapi ukisha kuyamwaga? Wengi hujibu, "Yamekwisha." La, hayakwisha. Hushuka bondeni pamoja na uchafu wa choo na wa zizi, hata yafike penye kijito ambapo jirani yako wa chini huchota maji ya kunywa. Nawe pia una jirani wa juu. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu husafiri kwa njia hiyo, na mtoto mdogo ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote.

Yakupasa kujua kwamba maji machafu yaweza kusafishwa kwa mambo matatu: utulivu, mawe na mizizi.

Kwanza, utulivu. Maji yakitulia katika shimo lililojengewa, vitu vizito huzama na mafuta huelea. Maji ya katikati ndiyo yaachwayo yatoke.

Pili, mawe. Maji hayo hupita polepole, kwa muda wa siku kadhaa, katika kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60 hivi. Juu ya kila kokoto hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hula uchafu kama mchwa alavyo mabua shambani.

Tatu, mizizi. Matete yaliyopandwa katika kokoto hufyonza mbolea iliyomo majini, na mizizi yake huwapa vijidudu mahali pa kukaa. Maji yasionekane juu ya kokoto, kwa maana yakionekana mbu watazaa humo.

Kazi hii imekwisha kufanywa. Katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, liko gereza la Shimo la Tewa, karibu na hori ya Mtwapa, mahali penye mikoko ambapo maji ya mto na maji ya bahari hukutana. Zamani maji machafu ya gereza yaliingia horini bila kusafishwa. Ndipo mradi wa WIO-LaB wa Umoja wa Mataifa, uliomalizika mwaka 2010, ulisaidia kujenga hapo vitanda vya mimea vya kusafishia maji hayo.

Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya pwani." Lakini fikiri: bahari hupwa na kujaa kila siku, ikabadilisha maji ya hori. Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, yapokeayo maji ya milima yetu, hayana mto utokao. Maji hupaa kwa jua, na uchafu hubaki. Basi sisi twahitaji uangalifu zaidi.

Nyumbani kwako fanya hivi:

1. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, umbali wa meta 30 au zaidi. Zizi nalo lisiwe juu ya chemchemi.

2. Kwa maji ya kuoga na kufua, chimba shimo dogo la kutulizia, kisha mfereji wa kokoto uliopandwa matete. Maji ya choo yasiingie humo.

3. Zoa tope la shimoni kabla halijajaa, ulifukie mbali na maji.

4. Maji yatokayo umwagilie migomba, miti au malisho. Usimwagilie mboga ziliwazo mbichi, wala usiyanywe hata yakiwa maangavu, maana mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho.

Kabla ya kuchimba, fuata kijito chako toka penye shamba lako mpaka chemchemi, ukahesabu nyumba zimwagazo maji humo. Kisha kaeni pamoja, wa juu na wa chini. Mtu mmoja aweza kusafisha maji ya nyumba yake, lakini kijito husafishwa na wote wanaokaa kando yake.