Kisigino Kinapouma kwa Nyuma

Je, unapoamka asubuhi au kupanda ngazi, unahisi maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino? Huenda umeumiza kano, hasa ikiwa umezidisha kukimbia au kutembea.

Mara nyingi utajitibu nyumbani. Punguza mwendo, na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Maumivu yakipungua, simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, kisha ushushe visigino polepole, kila siku. Vumilia, kano huweza kuchukua miezi 3 kupona.

Lakini ukisikia mlio wa ‘pa!’ na ushindwe kusimama kwa vidole, wahi hospitali siku hiyo hiyo: huenda kano imekatika. Vilevile, maumivu yakianza ungali unameza ciprofloxacin, iache na umwone daktari mara moja. Dawa hiyo inaweza kusababisha kano kukatika.