Kilimo: ADN yatenga muwa chotara wa kweli na wa uongo

Miche ya miwa inafanana sana. Mtafiti anaweza kuchanganya muwa wa shamba na ndugu yake wa porini, akalea mche kwa miaka, kumbe mche ule hauna damu yoyote ya baba aliyemchagua. Kosa hilo ni la bei kali, kwani kutoa aina mpya ya muwa kunaomba mara nyingi zaidi ya miaka 10.

Shida inatoka kwenye ua. Ua dogo la muwa lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo muwa mama unaweza kujizalisha wenyewe. Tena upepo unaweza kuleta unga wa maua kutoka muwa mwingine kabisa.

Kwa nini kutafuta damu ya porini? Mwishoni mwa karne ya 19, ugonjwa wa sereh uliharibu miwa mitamu ya Java, kisiwa cha Indonesia ya leo. Waholanzi walioitawala waliichanganya na muwa wa pori, Saccharum spontaneum, kisha wakarudisha watoto kwa muwa mtamu. Mwaka wa 1921 wakapata POJ 2878, ambao ulienea upesi. Karibu miwa yote ya viwanda vya sukari leo ina damu hiyo, lakini ilitoka kwa mimea michache tu.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia ndugu wa mbali: Erianthus arundinaceus, jani refu la Asia linalovumilia ukame na kuchipua tena kila linapokatwa.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Wanatoa ADN kwenye jani la mche, wanazidisha kipande ambacho urefu wake kwa muwa si sawa na kwa Erianthus, kisha wanaangalia mistari inayotokea. Chotara wa kweli anaonyesha mstari wa mama na wa baba. Mstari wa baba ukikosekana, mche unatupwa ungali mdogo.

Mwaka wa 2005, watafiti wa China na Australia walithibitisha kwa njia ya alama hizo kwamba ADN ya Erianthus iliingia kweli katika miwa iliyochanganywa kisiwani Hainan, hata katika kizazi kilichofuata. Kazi haikuishia hapo: chotara wa kwanza ana sukari kidogo, anapaswa kurudishwa kwa muwa mtamu, na kila mara sehemu ya damu ya porini inapotea. Kila kizazi kinapimwa upya.